Faiba Kati ya Majengo Mawili

"Diploma ya Tanzania, utakula na bugali?" Shemeji yangu wa Goma aliniuliza hivyo mbele ya watu nilipomwomba mkopo. Wengine walisema nitaishia kuuza vocha za simu pale mpakani, Grande Barrière. Hata hivyo alinikopesha. Shangazi yangu wa Nyundo akauza ndama, na jirani yetu muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, akatoa akiba yake. Nikanunua mashine ya kuunganisha nyuzi za faiba, na hapa kwetu Gisenyi fundi mwingine mwenye mashine kama hiyo simjui hadi leo.

Kazi ya kwanza nilipewa na chama cha akiba na mikopo. Seva zao zilikuwa jengo moja, mashine za kuhifadhia data ng'ambo ya barabara, na waya wa zamani ulichelewesha kila kitu: mteja aliomba salio, akaenda kunywa chai, akarudi bado. Nikavuta faiba. Ijumaa data ilipita kama mto Sebeya wakati wa mvua. Malipo yangekuja Jumatatu, baada ya jaribio mbele ya meneja. Nikishindwa, ningeuza mashine yangu kuwalipa walionikopesha.

Jumatatu data ikatambaa.

"Bon, fundi," meneja akasema, "mwanga yako imechoka?" Ofisi nzima ikacheka.

Mwingine angetokwa jasho. Mimi nilichomeka taa nyekundu ya kupimia, nikaufuata waya. Nyuma ya kabati nikaona wekundu unavuja. Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, wafanyakazi walikuwa wameisafisha ofisi pia, na waya wangu ulikunjwa ukakazwa kwa ukanda wa kitenge kama fungu la mchicha. Data ndani ya faiba husafiri kwa mwanga, na mwanga hauwezi kona kali, hutoka nje.

"Nani amefunga hii?"

"Ni mi, papa," karani mmoja alijibu. "Ilikuwa inaninginia mubaya. Wageni wangesema nini?"

"Mama, umefunga vizuri mno. Ndiyo shida."

Niliuzungusha upya, duara pana kama sinia. Data ikakimbia. Meneja akasaini malipo, akaniuliza kama naweza kuvuta faiba na kwenye matawi yao.

Niliwalipa wote siku moja, makusudi, habari ienee vizuri: shangazi asubuhi, jirani mchana, shemeji jioni.

"Shemeji, bakisha deni kidogo," alilalamika. "Sasa nitakuwa nakuita kwa sababu gani?"

"Kunisalimia," nilimjibu, nikavuka mpaka kurudi kwangu.