Jirani Akikuita Pwani, Nenda

Iko Ijumaa moja, mwanangu Thuraya, kila nikiikumbuka mimi bibi yako hujiona mjinga upya. Nakuandikia kwa mkono wangu huu wa chuo cha Kurani, skuli sikukaa, kwa sababu kwenye simu ukisikia naanza kukunasihi unasema mtandao unakatika. Mtandao haukatiki. Basi soma.

Jana umenionyesha chumba chako huko Meksiko. Mumeo yuko kazini bandarini, wewe umekaa kitandani, asubuhi yote hiyo pazia umelifunga, na bahari iko hapo hapo nyuma yake, mimi huku Maskati naisikia. Nikakuuliza wiki hii umekwenda wapi. Ukasema, "Dukani." Nikakuuliza habari ya Bi Lupe, jirani wa mlango wa pili, anayekualika pwani kila Jumapili. Ukasema kila Jumapili unamwambia kichwa kinakuuma. Na yale mahindi aliyokuletea, ya kusagwa na kupikwa ndani ya maganda yake, umeyatia takani.

"Labda yana mafuta ya nguruwe, bibi."

"Umemuuliza?"

"Kispanyola sikijui."

"Basi ungelia kama nguruwe, angekufahamu."

Ukacheka. Mimi sikucheka, maana kichwa hicho nakijua. Chako kinauma Jumapili, changu kilikuwa kinauma Ijumaa.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimekuja kutoka Unguja, tunakaa Matrah, hapa hapa Maskati, kichochoro cha nyuma ya bandari. Jirani yangu alikuwa Zuwayna, rika langu, kaolewa hapo kutoka milimani, Kiswahili hajui hata neno. Siku za mwanzo akanialika kahawa na wanawake wenziwe. Nikanywa kikombe kimoja, nikatiliwa cha pili. Nikanywa, nikatiliwa tena. Nikasema nikikataa nitaonekana sina adabu. Hakuna aliyenambia kuwa ukitosheka unakitikisa kikombe, ndipo mtiaji anakuacha. Nilikunywa vikombe tisa, mwanangu, kahawa chungu kama dawa, na wale wanawake wanacheka mpaka wanapiga mkeka. Zuwayna alicheka kuliko wote.

Nikarudi nyumbani nikasema basi, sitoki tena.

Kila Ijumaa baada ya sala wakipakia pikapu kwenda wadini, bonde la milimani ambalo maji hupita baina ya mawe. Wanawake na watoto nyuma, na masufuria, na mikeka, na wali. Zuwayna akija kugonga, ananiita Mswahili kwa Kiarabu chake, twende. "Yalla, ya Swahiliya! Watoto wanaungua na jua!" Mimi nyuma ya mlango nasema kichwa. Kisha nakaa ndani nawatia ila: hawa hawajui kupika, mawe yao haya yana nini cha kutazamwa, bahari yenyewe haina mchanga kama wa kwetu. Unayasikia haya? Ndiyo unayonambia wewe.

Ikenda hivyo karibu mwaka. Ndipo ikaja Ijumaa hiyo. Amegonga, sikusikia watoto wala kelele. Nikafungua. Amesimama peke yake, kavaa nguo za safari. Akanambia wanahamia mji wa Sur kwa wazee wa mumewe, vyombo vishapakiwa. Kisha akasema polepole, ili Kiarabu changu cha kuokoteza kimfuate:

"Ulidhani nakuita kwa kukuonea huruma? Mimi hapa sina dada. Wote wale wa nyuma ya gari ni mawifi zangu, nikifungua mdomo wananicheka kisemi changu cha milimani. Siku ile ya kahawa nilicheka kwa furaha. Nilisema leo nimepata mjinga mwenzangu. Nimegonga mlango huu mwaka mzima, ya Swahiliya. Umeniacha peke yangu."

Akaondoka, na sikumuona tena.

Wadini nilikuja kwenda, miaka baadaye, na babu yako, Mungu amrehemu. Maji baridi, visamaki vinakudonoa vidole. Babu yako akalala chini ya kivuli. Nikakaa juu ya jiwe, nikaona sina mwanamke wa kumwambia "hebu njoo utazame". Na hivi sasa mama yako na ndugu zake wakenda Ijumaa, mimi huniacha, magoti hayashuki mawe. Simlaumu mtu. Wakati nilipokuwa na magoti nilikuwa na kiburi.

Basi nisikilize. Jumapili hii Bi Lupe akigonga, fungua. Vaa nguo yako ya sitara, ikirowa itakauka. Chukua ile halua niliyokutilia kwenye begi, usende mikono mitupu. Muulize chakula kina nini, kuuliza si aibu. Cha haramu kiache, mwambie kwa nini, kisha kula samaki wao wa kuchoma uliyenambia harufu yake inaingia mpaka chumbani. Kaa nao chini ya makuti. Watoto wakenda kuviachia vitoto vya kasa baharini, kama ulivyonambia wanafanya, nenda nao, vua viatu. Utakosea jambo na watakucheka. Cheka nao, usirudi ndani. Na mtazame vizuri yule mama. Mtu hagongi mlango mmoja kila wiki kwa kukosa kazi.

Jengine. Jumapili usinipigie simu. Najua nnachokisema: kuna siku sauti yako ndiyo pekee inayoingia nyumba hii tangu alfajiri mpaka nilale. Lakini ukinipigia Jumapili sipokei, nitaiacha ilie mpaka inyamaze.

Allah akulinde, mwanangu, akupe afya na mumeo, na akujaalie huko ugenini watu ambao siku usipotokea watauliza, "Thuraya yuko wapi?"