Viazi vya Mama Odile

Naandika bila jina, na jina la yule mama nimelibadilisha. Kosa sikulibadilisha. Ni mimi niliyemtoa. Nilimtoa kwa mdomo wangu, mchana, kwenye meza yangu mwenyewe, kwa sababu nilitaka kusifiwa kwa ajili ya viazi.

Soma tena kama unadhani umekosea kusoma. Viazi.

Niko na bwana na mtoto mmoja mdogo, hapa Bunia. Nilimaliza humanités, masomo ya sekondari, diplôme yangu iko ndani ya valizi. Lakini nilipoolewa sikujua kupika kitu zaidi ya bugali na sombe, majani ya muhogo. Siku ya kwanza kaka mkubwa wa bwana wangu alipokuja kula kwetu, aliinua kijiko cha mchuzi, akakitazama, akamuuliza mdogo wake: "Petit, hii ni supu ao ni maji ya kunawa?"

Wote wakacheka. Bwana wangu pia. Mimi nikaondoa sahani.

Kesho yake nilienda kwa Mama Odile, mjane, jirani yetu. Ndiye aliyekuwa anapikia ndoa za watu wa maana mjini. Kazi hiyo aliijulia jikoni kwa mapadri, akiwa msichana. Nikamwambia nataka kujua chakula cha wageni, kile cha kweli, kama cha hoteli.

"Mugeni gani?"

"Shemeji yangu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi haiko chakula unatafuta, mutoto yangu. Unatafuta kulipiza. Ikala chini. Menya vitunguu."

Alinifundisha kukata viazi vyembamba mpaka unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Alinifundisha kukaanga unga ndani ya siagi bila kuuacha ubadili rangi, kumwagilia kuku mafuta yake mwenyewe, kupasha sahani moto kabla ya kuandaa. Hakuwa na tanuri. Alikuwa na sufuria kubwa yenye mchanga chini. Ndani yake anaweka sufuria ndogo, anafunika, kisha anapanga makala, makaa yenye moto, juu ya kifuniko. "Moto ya chini inaivisha," alikuwa anasema. "Moto ya juu njo inaleta wageni."

Kilichomjulisha mji mzima kilikuwa gratin yake: viazi, maziwa, fromage ya Fataki, jibini ya wafugaji wa huko, juu yake mpaka iungue kahawia, na muscade, ile kokwa ngumu ya kungumanga aliyokuwa anaikwaruza kwenye kopo lililotobolewa kwa msumari. "Muscade iko sawa mama mukwe," aliniambia. "Akipita kidogo, ni heshima. Akizidi, nyumba yote inamusikia."

Kila nilichopika alikionja, akatafuna polepole, akasema kasoro. Chumvi. Maziwa uliyaharakisha. Viazi vinene. Sikumbuki hata mara moja aliposema ni vizuri. Hilo lilikuwa linanichoma, nami nilizidi kwenda kwake kwa sababu lilikuwa linanichoma.

Kisha vita iliingia mjini. Bunia ilishikwa na hawa, ikashikwa na wale. Waliokamata quartier yetu, mtaa mzima, walikuwa wanatafuta watu wa kabila la Mama Odile, nyumba kwa nyumba. Kabila letu hawakulitafuta. Sitasema zaidi, kila mtu wa Ituri anajua namna ilivyokuwa.

Mama Odile alipita kwenye lupango, ua wetu wa nyuma, asubuhi moja, ameshika kitambaa kilichofungwa fundo. Nikakifungua. Ndani kulikuwa kipande cha fromage na ile kokwa ya muscade. Hakuna nguo, hakuna kitambulisho.

"Nilishika kile kilikuwa karibu," akasema, kama mtu anayeomba radhi.

Bwana wangu alimweka kwenye depo nyuma ya jiko, kati ya magunia ya makala. Akanishika mkono. "Hakuna mutu anajua. Hata mama yangu. Umesikia?" Nikaapa kwa kichwa cha mtoto wetu.

Wakati ule shemeji alikuwa amekwisha kwenda upande wa wenye bunduki. Alikuwa na commandant wake, akimfuata kama mkia. Akatuma habari: Jumapili ya ubatizo wa mtoto wetu atakuja na mkubwa wake kula kwetu. Kumkatalia mtu wa namna ile hakuwezekani. Bwana wangu akakubali, nami nikaenda depo kumwambia Mama Odile.

"Pika bugali na sombe, tia samaki," akasema. "Watashiba, wataenda."

"Shemeji atanicheka tena, mbele ya mukubwa yake."

"Acha acheke. Mutu akimaliza kucheka anarudia kwake."

Macho yangu yalikuwa kwenye kile kitambaa. "Mama, fromage yako itaharibika na hii joto."

Alinitazama muda mrefu. Akanipa kitambaa. Niliona ni ruhusa. Sasa najua haikuwa ruhusa. Alikuwa analala ndani ya nyumba yangu, anakula mkononi mwangu. Angenijibu nini?

Jumapili nilipika kuku na gratin. Niliweka makala juu ya kifuniko, nikayapanga moja moja. Wageni walikuwa wanne, bunduki wakaziegemeza ukutani karibu na beseni la mtoto. Commandant alikuwa kijana, anaongea taratibu. "Mwenye kupika aonje kwanza," akasema. Vita ilileta desturi hiyo, kwa hofu ya sumu. Nikaonja mbele yao. Wakala.

Shemeji alikula bila neno. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha sahani mkononi, nikamngojea aseme.

Commandant ndiye alisema. "Hii nilikula ku ndoa ya dada yangu. Kuko mama mumoja tu hapa Bunia anajua kuunguza juu yake hivi."

"Njo mimi nimepika," nikasema.

Shemeji akaruka. "Weye? Weye wa supu ya kunawa? Commandant, huyu amenunua fasi ingine."

"Apana, anaweza kuwa alijifunzia kwa ule mama," commandant akasema, akivuta sahani ya kuku. "Lakini haijafika ya ule mama. Ya ule ilikuwa ingine."

Habari ilikuwa imekwisha hapo. Alikuwa amegeukia kuku. Bwana wangu alikuwa ananiangalia kwa macho, anasema nenda jikoni, nenda. Nilimwona.

"Hata yeye mwenyewe alisema leo," nikasema, "kwamba yangu imeshinda yake."

Commandant akainua uso kutoka kwenye kuku.

"Leo," commandant akasema.

Na Mama Odile hakusema hivyo, wala leo wala siku yoyote. Nilidanganya ili nisifiwe, na ndani ya uongo wote ule neno moja tu lilikuwa na kweli ndani yake, na ndilo alilolishika.

Commandant aliendelea kula. Alimaliza, akapangusa sahani kwa mkate. Kisha akanisemesha kwa sauti ya mgeni mwema: "Shemeji, ule mama amekula? Umupelekee sahani. Haifai mupishi akae na njaa."

Nikaandaa sahani. Kwa nini niliipasha moto kwanza, sijui. Mikono ilifanya vile ilivyofundishwa. Nikatembea mpaka depo, na mmoja wao nyuma yangu na bunduki.

Mama Odile alikuwa amekaa juu ya gunia. Alinitazama mimi, akatazama yule aliyesimama nyuma yangu, akaelewa. Akapokea sahani. Akala kijiko kimoja, polepole, kama alivyozoea.

"Muscade imezidi," akasema.

Akanirudishia sahani. Akajifunga kitenge vizuri, akatangulia mbele ya yule askari kutoka nje. Hakunitukana. Ningepata kitu cha kujibu, kama angenitukana.

Hajarudi. Niliuliza, nikaambiwa nisiulize. Siye hatukuguswa, kwa sababu shemeji alituombea. Kwa hiyo yeye ndiye tunapaswa kumshukuru. Bwana wangu anasema nami habari za mtoto tu: amekunywa dawa, amelala. Anakula kwa mama yake.

Mimi sijalia. Majirani wanadhani niko na moyo mgumu. Ni kama mkono ulioulalia usiku kucha, unauona ni wako lakini unaugusa kama wa mtu mwingine. Kitu kimoja tu bado nakisikia, ni hasira. Wiki ile ile shemeji alikuja, akakaa kwenye kiti kile kile. "Shemeji," akasema, "ile siku ulipika kweli." Ndiyo sifa yangu hiyo. Nilipewa. Nilikuwa na sufuria ya maji ya moto mkononi, nikamtazama kichwa chake, nikaiweka chini, kwa sababu mtoto alikuwa anatambaa karibu na miguu yake.

Na kuna jambo lingine, nalo nitalisema kwa kuwa nimekwisha anza. Siku fulani fulani commandant anatuma kuku na viazi, na neno: mama apike ile. Ninapika. Niko na mtoto. Ninapanga makala juu ya kifuniko, ninapasha sahani. Fromage haiko tena, barabara ya Fataki imefungwa, natia yai mahali pake. Hawajui tofauti. Hawakuwahi kujua tofauti.

Wewe mama kijana unayejifunza kupika ili ukweze uso mbele ya wakwe, nasema nawe. Waache wacheke. Wakati wa vita pika bugali, watu washibe, waende. Ukificha mtu nyumbani mwako, usipike kitu ambacho mji mzima unajua ni cha mkono wake, hata akikupa vyombo, hata akikupa chumvi. Wakiuliza nani alikufundisha, taja marehemu nyanya yako. Wakisema chakula chako hakijafika cha fulani, kubali. Sema ndiyo, hakijafika. Ilikuwa kweli, na mimi ningebaki na mtu.

Ile kokwa yake ingali kwangu. Imebaki ndogo kama jino la mtoto. Kila nikipika nakwaruza kidogo kuliko mara iliyopita. Juzi niliwapikia tena, wakasema ni tamu. Nilionja kwanza, mbele yao, kama desturi.

Bado inazidi.