Mtoto Aliyeenda Kanisani na Masikio ya Manjano

Kwa miaka saba nimewasagia mahindi watu wa Kipsongo na mitaa ya karibu, pale Kitale, na kumbe muda wote huo mashine ilikuwa inayasaga masikio yangu pia. Sikujua. Nilidhani watu wa siku hizi wananong'ona. Mke wangu akiniuliza kama nimeona ndoo, ninamjibu kwamba ndoa yetu iko sawa. Tulizoea.

Aliyetugutusha ni nesi wa kliniki. Tulikuwa tumempeleka binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, akiwa na miezi minne, kupata chanjo. Nesi akaniuliza kama mtoto anapata choo. Nikamjibu kwamba kiko, ila tunatumia pamoja na majirani.

Akaweka kalamu chini. "Baba, unafanya kazi gani?"

"Nasaga unga."

"Na mtoto analala wapi?"

Nikamwambia tunaishi nyuma ya mashine, ukuta mmoja tu katikati. Kwa fahari nikaongeza kwamba mtoto ameshazoea. Mashine ikinguruma, yeye analala fofofo.

"Hajazoea," akasema nesi, sasa kwa sauti ya kunifikia. "Masikio hayazoei kelele, yanaharibika. Yako yameshaanza, na yakienda hayarudi. Mtoto mtoe karibu na hiyo mashine. Na pale ambapo hamwezi kuepuka kelele, mnunulie vile vitu vya kufunika masikio, vya saizi ya watoto. Lakini si vya kushinda navyo kutwa. Kwanza ni kuhama."

Kuhama kulihitaji muda. Vifuniko vilipatikana kwanza, katika duka moja mjini: vikombe viwili vya plastiki, rangi ya kiini cha yai, vimeshikwa na utepe laini wa kuzunguka kichwa. Tulipomvisha, binti yetu alifanana na rubani asiye na meno. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili iliyofuata tulitakiwa kwa mama yangu, upande wa Sirisia kule Bungoma, ili mtoto aombewe kanisani kwao. Kanisa lenyewe ni dogo, la mabati, na lina spika mbili zinazonizidi urefu. Mama alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyozinunua. Jambo hilo nilipaswa kulifikiria mapema.

Alitupokea mlangoni mwa kanisa, akamwangalia mjukuu wake kwa muda.

"Baba, mtoto anasikiliza nini?"

"Hasikilizi kitu, mama."

"Sasa mbona mmemvalisha ledio?"

Nikamweleza yote ya nesi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe nilikubeba mgongoni nikipiga ngoma ya kwaya kila Jumapili, na uko sawa."

"Ati?" nikamuuliza, maana ndani walikuwa wanajaribu vyombo.

Mke wangu akamtazama mama. Mama akatazama kando.

Tuliketi benchi la tatu. Mzee wa nyuma yetu akaniinamia akauliza kama mechi imeanza. Bibi mmoja akasogea, akaweka sikio lake kwenye kikombe cha manjano, akasikiliza, kisha akatupa pole: betri imeisha. Upande wa pili mama mmoja alikuwa anamweleza mwenzake kwamba hawa watu wa Kitale wanamwekea mtoto Kiingereza humo masikioni, ndiyo akianza kuongea aanze na hicho moja kwa moja.

Ikafika zamu ya pasta. "Kuna wazazi," akasema bila kututazama, jambo lililofanya kila mtu atutazame, "wanaoziba masikio ya watoto wao wasisikie Neno."

Mama hakusema amina, lakini alikohoa. Nikanyoosha mkono nimvue mtoto. Mke wangu akanishika kifundo cha mkono.

"Ukimvua," akaniambia karibu kabisa na sikio, "wewe ndiye utahamia kwa mashine."

Pasta akashuka na maikrofoni mkononi, aje amwombee mtoto. Alipopita mbele ya spika, ile spika ikapiga yowe. Hata mimi nililisikia, tena kwenye meno. Watoto wote wa benchi la mbele wakalia kwa pamoja, mmoja akaingia chini ya meza ya sadaka. Pasta alikuwa ameangusha maikrofoni na kujishika kichwa. Binti yetu aliwatazama waliaji mmoja mmoja, kama mgeni aliyefika kwenye msiba wa watu asiowajua, kisha akapiga miayo.

Mama alisimama, akaenda mpaka kwa bwana aliyesimamia vyombo.

"Zima."

"Mama, tunaweza kupunguza kidogo."

"Nimesema zima. Si mimi ndiye nilizileta?"

Akazima. Pasta akaendelea kwa mdomo mtupu, na nina hakika ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya barabara walimsikia vizuri. Alipotufikia akaniuliza kwa upole, "Naweza kuweka mkono hapa kichwani, ama hii kitu itaharibika?"

Baada ya ibada kina mama walituzunguka. Mmoja mwenye mapacha alitaka kujua kama wanaweza kutumia kimoja kwa pamoja, kila mtu sikio lake. Aliyewajibu maswali ni mama yangu, kwa maneno ya nesi na mengine ya kwake, kana kwamba kliniki alienda yeye. Nilimsikia akisema masikio ya mtoto bado ni laini kama mkate. Kabla hatujaondoka, kamati ilikuwa imeyasogeza mabenchi ya watoto mpaka nyuma kabisa.

Tulihama baada ya miezi miwili, tukaenda mahali ambapo mashine inasikika kama mtu anayekoroma mbali. Wiki ya kwanza mtoto alikataa usingizi wa mchana kwa sababu ya kimya. Ilibidi nitoke kazini, nimbebe uani nikinguruma kama injini, na majirani wapya wakamuuliza mke wangu kwa adabu kama mimi ni mzima.

Sasa ana miaka miwili. Juzi nesi alitikisa funguo nyuma yake, taratibu, na mtoto akageuka papo hapo. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba funguo zimelia, maana mimi sikuwa nimesikia.