Mahindi Chini ya Mpunga

Mimi kukaa bure siwezi. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuuza machungwa stendi ya Muheza, hakuna aliyenilipia ada, na stashahada yangu ya kilimo imetundikwa sebuleni kwa mama, mahali ambapo kila mgeni lazima aione. Niliporudi nyumbani, baada ya miaka mingi ya kusimamia mashamba ya watu wengine huko Dar es Salaam, kitu kimoja kilininyima raha: bonde letu baada ya mpunga. Likishavunwa, linaachwa. Udongo bado una maji, ukiufinyanga unashikamana, na watu wanaliachia jua liunyonye mpaka vuli. Nilikuwa nikipita pale nawashwa mikono.

Mama ana jaruba moja upande wa chini. Masika yale nilimpandia mpunga kwa mistari, kwa kamba, majirani wakiniuliza kama nashona kanzu. Ulipoanza kugeuka rangi, nikamwambia nataka kupanda mahindi humo humo.

"Humo wapi?"

"Katikati ya mistari. Mpunga ukitoka, mahindi yameshaota. Vinapokezana."

"Chungu kimoja hakipiki wali na ugali."

"Si pamoja, mama. Wali ukiepuliwa, ugali unakuta moto bado upo."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mpunga huu ndio chakula changu mpaka mwakani. Ukiniharibia, jaruba nampa mtu akodi, na wewe urudi mjini na karatasi lako."

Karatasi! Nilitoa maji jarubani, nikatoboa mashimo kwa kijiti kilichochongwa, punje tatu kila shimo, kwa sababu panya wa bonde lile hawana haya. Halafu ikaanza kazi ngumu kuliko zote, kungoja. Kila asubuhi nilikuwa pale, nafunua majani ya mpunga kwa vidole.

"Mbegu haioti kwa kutazamwa," mama aliniambia.

Ikaota. Siku ya kuvuna wakaja wanawake wa mtaa wetu, wanaosaidiana kwa zamu. Kwetu mpunga huvunwa kwa kisu kidogo, suke baada ya suke, watu wamesimama. Chuoni tulifundishwa kwamba huko ni kupoteza muda, mundu ndio maendeleo. Mimi niliona wasichokiona walimu wangu: mundu ungenyoa mahindi yote, kisu kinaacha mabua yamesimama yakiyatilia kivuli.

"Shemeji," mke wa kaka yangu alipaza sauti, "leo tunavuna au tunacheza ngoma? Mguu huku, mguu kule!"

"Taratibu jamani, mnakanyaga miche."

"Angekuwa na mke asingelea mahindi!" akadakia mwingine.

Walicheka bonde zima. Nilicheka nao, lakini nilizunguka nyuma yao nikiinua kila mche uliolala. Jioni mama alitazama magunia yake, akayagonga kwa kiganja. Hayakupungua. Nikadhani nimeshinda.

Nilikuwa nimewasahau mbuzi. Kwetu mpunga wa mwisho ukitoka, bonde hufunguliwa, na mifugo ya kila mtu huingia kula mabua. Anayetangaza siku ni mjomba, kaka mkubwa wa mama, mwenye mbuzi wengi kuliko wote. Na mjomba habishiwi. Nilimkuta zizini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, bwana diploma. Umekuja kunifundisha kuchunga?"

"Nimekuja kuliombea jaruba la mama. Bado halijavunwa."

"Halijavunwa! Na mpunga ulioko ndani kwake umeshuka mbinguni?"

"Mahindi bado."

"Bonde likivunwa ni la wote. Hata babu yako hakuwahi kumfukuza mbuzi wa mtu. Nani alikutuma upande mlangoni mwa mbuzi?"

Mbuzi walikuwa wanasukuma mlango wa zizi kwa vichwa. Ndipo nikakumbuka zile punje tatu. Mche mmoja tu ndio unaobaki kila shimo, mingine hung'olewa.

"Mjomba, mbuzi wako watakula mahindi yangu kuanzia leo. Ila watakula hapa hapa. Mimi nitawaletea, pamoja na mabua ya mpunga."

Alinitazama sana. "Ukikosa siku moja?"

"Fungua zizi."

Mjomba alipolifungua bonde alitangaza jaruba la mama lisiguswe, na wachungaji wote wakatii. Basi msomi akawa mbeba majani. Watu walisema mbuzi wa mjomba wameajiri mtaalamu. Nilibeba mzigo kichwani, shingo imenyooka, nikapita katikati ya kijiji makusudi. Miche ya ziada ilipokwisha nikabeba magugu, magugu yalipokwisha nikafuata majani mbali, kule mtoni. Wakati huo huo mvua za mchoo, zile ndogo za kati ya masika na vuli, zilichelewa. Kila alfajiri nilitazama milima upande wa Amani, nikarudi bila hamu ya chai. Majani ya mahindi yakaanza kujikunja. Kama yangekufa, ningekuwa nimewalisha mbuzi wa watu bure, na mama angepata sababu ya kunirudisha mjini.

Mvua ilinyesha, ndogo, lakini udongo uliokuwa na maji ya mpunga chini yake haukuhitaji nyingi. Mashamba mengine yote bondeni yalikuwa kijivu. Letu lilikuwa kijani. Nalisema kwa sauti na nitalisema tena.

Mjomba alikula mahindi ya kuchoma ugani kwetu, akatafuna kwa muda mrefu. "Mbuzi walikuwa wanajua," akasema, akaomba jingine.

Mavuno yalipokauka mama alichagua mahindi mazito, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake, akayatundika juu ya meko, kwenye moshi, mahali anapotunza mbegu.

"Ya nini hayo, mama?"

"Ya chini ya mpunga ujao. Au mwakani unarudi mjini?"

Mbegu ile si chotara, mavuno yake yanafaa kupandwa tena. Nilihakikisha kabla ya kuinunua. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ameshainamia moto.

"Na mbuzi je?" akauliza bila kugeuka.

Nikatoka kwenda bondeni. Kingo za jaruba zilikuwa tupu, pande zote nne. Nikaanza kuzipima kwa macho, majani ya mbuzi yanaweza kuota pale.