Samaki wa Korane na Kidole cha Mzee Abdiwahab

Tuanze na kidole. Kidole cha Mzee Abdiwahab kipo, kizima, na ukucha wake juu. Wanaosema kule soko la mifugo kwamba kilikatwa kikatafutwa chini ya kochi kwa tochi hawakuwapo siku hiyo, na yule aliyeongeza kwamba kilipatikana tumboni mwa samaki ana kipaji ambacho Garissa bado haijakipatia kazi. Tena Ilhan binti Abdinoor hakuozwa kwa samaki. Mahari yake ilikuwa ngamia, kama ya mama yake na ya nyanya yake. Samaki anayesemwa alikwenda upande mwingine kabisa, kutoka kwa watu wa bibi harusi kwenda kwa watu wa bwana harusi, na alikwenda kihalali, mbele ya wazee. Na hakuna aliyekula samaki nyumbani kwa Mwalimu Arbia siku ya posa. Watu walikula mbuzi, tena wakaongezwa.

Mwalimu Arbia alifundisha biolojia shule ya wasichana mpaka akawa naibu wa mkuu wa shule, akastaafu na heshima zake. Mumewe Abdinoor, aliyekuwa afisa wa elimu, alipofariki alimwachia nyumba ya mawe, kabati la vitabu, binti mmoja na ndugu yake mdogo, Korane. Vitatu vya kwanza Arbia alivitunza kwa mapenzi.

Korane ni mfanyabiashara wa mifugo, na jicho lake linaheshimiwa sokoni. Ng'ombe akishushwa kwenye lori, Korane humtazama tu akakwambia alikohoa lini. Shida ni kwamba anaamini jicho hilo linafaa kwa kila kitu. Hata daktari wa meno alimchagua kwa kumtazama mwendo. Na kwa kuwa ndugu yake amefariki, yeye ndiye walii wa Ilhan. Bila kinywa chake hakuna nikaha. Hilo alilijua vizuri, na aliyesahau alikumbushwa.

Mambo mawili Arbia alikuwa amemshinda. Ilhan alimaliza chuo cha uuguzi kwanza, posa baadaye. Na posa yenyewe ingepokewa nyumbani kwa Abdinoor, si kwa Korane. Mtu ukimshinda mara mbili na bado unamhitaji siku ya nikaha, la tatu unamwachia. La tatu Korane akachagua samaki.

"Dumaashi," alisema, maana ndivyo humwita shemeji yake anapotaka kitu, "watu wa mposaji wanakuja kutoka Bute. Watakuta nyumba haina mwanamume."

"Watanikuta mimi."

"Ndicho ninachosema."

Alikuwa ameona tangi la kioo kwa tajiri mmoja Nairobi. Wageni wote walitazama samaki, na hakuna aliyegundua kwamba mwenye nyumba hakuwa na la kusema. Korane alivutiwa sana na jambo hilo, kwa sababu zake. Lakini yeye hakutaka vile visamaki vyekundu vinavyokwenda kundi kama watoto wa chekechea. Alitaka samaki wakali, ili Mzee Abdiwahab, baba mdogo wa Hamse mposaji, akiingia ajue kwamba nyumba hii ina mlinzi. Kwa hiyo mwanamume wa nyumba angekuwa samaki. Arbia, aliyewafundisha wasichana wa kidato cha tatu sura nzima ya uzazi bila kushusha macho, siku hiyo alishusha macho.

Ununuzi ulifanyika kwa simu ya video. Muuzaji, kijana wa Eastleigh aitwaye Rage, alipita na simu mbele ya matangi yake.

"Nataka wakali," Korane alimwambia.

"Wapo, adeer," Rage alisema, kwa heshima ya mtu anayemwita ami yake. "Lakini wa nyumbani, watu huanza na wapole."

"Wapole wapelekee wapole wenzao."

Rage akamwonyesha oska, samaki mnene mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, aliyeitazama kamera kama karani aliyeamshwa.

"Mgeuze nimwone nyuma."

"Samaki hageuzwi, adeer. Hugeuka akitaka."

"Na meno?"

"Mengi yako ndani, kooni."

Korane alifunika simu kwa kiganja, akamwinamia shemeji yake. "Anatuficha umri wake," alinong'ona.

Ndipo kamera ilipopita tangi la mwisho, na Korane akasogeza uso kwenye simu. Mle ndani alikuwa samaki mmoja mwekundu, mpana, na juu ya paji la uso alikuwa na nundu. Nundu kamili, ya mviringo, kama ya fahali aliyelishwa vizuri.

"Huyo."

"Huyo ni flawahoni, adeer. Huyo hukaa peke yake. Hata jike ukimtilia, humuua."

"Huyo."

"Korane," Arbia alisema, "kijana amekwambia anakaa peke yake."

"Kila muuzaji wa dume husema hivyo ili apandishe bei. Ukimtia zizini anazoea." Akaagiza na oska wawili wa kumsindikiza, maana fahali, alieleza, hasafirishwi peke yake, akifika amekonda kwa huzuni.

Arbia alijaribu. Alimweleza kwamba ile ni nundu ya dume tu, ya kujionyesha, na chakula hakihifadhiwi mle. Korane alimsikiliza kwa huruma.

"Wewe umesoma samaki kwenye kitabu. Mimi nimeshika nundu maisha yangu yote."

Tangi likaletwa, na mahali pekee palipolitosha, kwa jicho la Korane, palikuwa pale lilipokaa kabati la vitabu la Abdinoor. Kabati likasukumwa kwenye ujia, nyuma ya pazia. Arbia alilipangusa vumbi huko huko ujiani, polepole, rafu kwa rafu, na waliomfahamu wangeogopa.

Maji yalitoka kwa lori la maji, na lori liliyachota Mto Tana, kwa hiyo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Samaki wakamwagwa humo na hakuna aliyewaona tena. Waliwasikia tu, kitu kikigonga kioo, du, kisha kimya. Arbia akatia shabu, kama afanyavyo mtu na maji ya kunywa. Tope lilipotulia chini, oska mmoja alikuwa hayupo na wa pili hakuwa na mkia. Kesho yake alibaki mwenye nundu, peke yake, katikati, akiwatazama kama aliyesaini hati ya kiwanja.

"Ameshajua zizi ni lake," Korane alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Hooyo," Ilhan alimwita mamake alasiri ile, "adeer ametia jiwe la chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Ile ya ngamia. Anasema alambe."

Arbia akaliopoa kwa upawa.

Yule samaki Arbia alimlisha mwenyewe, vipande vya maini, kila asubuhi, si kwa mapenzi bali kwa sababu kiumbe kilichofungiwa nyumbani kwake hakitalala njaa. Alikuja hata kumzoea kidogo, jinsi mtu anavyomzoea mkaguzi wa shule. Lakini wiki ya posa shangazi yake alizidiwa kule Sangailu, ikambidi aende. Maini akayaacha kwenye friji, na maagizo akamwachia Korane, maana Ilhan alikuwa zamu hospitalini. Alirudi asubuhi ile ile ya posa na mavumbi yake mwilini, akamkuta Korane mbele ya tangi amevaa kanzu mpya.

"Sijamlisha," alisema, kwa sauti ya mtu anayengoja shukrani.

"Tangu lini?"

"Tangu uondoke. Tazama nundu, imepungua kidogo tu. Anaitumia. Hata mwezi angemaliza."

Arbia alikuwa ameshafungua friji aliposikia magari getini, na maini yakabaki humo.

Wanaume waliingia sebuleni. Wanawake walikaa ujiani nyuma ya pazia, Arbia na Ilhan wakiwa wameegemea vitabu vya marehemu. Kila neno lilisikika. Kwanza zilisikika salamu, na salamu za watu wa Bute, na za Wajir yote, haziishi haraka. Kisha chai. Kisha, badala ya kuwauliza wageni habari za mvua, Korane akaanza habari za samaki.

"Mkali kweli?" sauti nzito ya Mzee Abdiwahab iliuliza.

"Aliua wenzake wawili, mmoja mkubwa kuliko yeye. Ukipita karibu na kioo anakufuata. Ukiweka mkono, shauri yako. Huyu hata mimi ananijua kwa kuwa nimemvumilia."

Aliendelea hivyo mpaka chai ya pili, na kila alipomaliza sifa moja wageni walisema mashallah, naye akaongeza nyingine. Mzee Abdiwahab naye ni mtu wa mifugo, wa kufuga na kuuza, tangu ujana. Na mtu wa mifugo akionyeshwa mnyama mwenye nundu na kusifiwa sana, hamalizi kumtazama kwa macho. Huiminya nundu. Asiyeiminya ameshakubali kudanganywa. Kwa hiyo mzee aliposimama, akakunja mkono wa kanzu na kuinua kifuniko cha tangi, hakuna mwanamume pale sebuleni aliyeona kioja. Wote wangefanya vivyo hivyo, na wawili walisogea wasikie atasema ni ngumu au laini.

Nyuma ya pazia Arbia alisikia kifuniko. Alifungua kinywa. Maji yakaruka.

Mzee Abdiwahab hakupiga kelele, hilo lazima lisemwe kwa heshima yake. Alisema "Subhanallah", polepole, kama aliyeletewa taarifa. Damu ilidondoka kwenye zulia, tone baada ya tone, naye akafunga kidole kwa kitambaa cha begani akakaa.

Halafu vikasikika vikombe vikiwekwa chini, kimoja kimoja, na hilo ndilo lililomtisha Arbia kuliko damu. Alijua wazee wale wanawaza nini. Damu ya mgeni imemwagika kwenye posa. Haisomwi Fatiha juu yake kabla jambo halijamalizwa, na kulimaliza huanza na swali lile lile, awe ng'ombe aliyepiga pembe au ngamia aliyeng'ata: mwenye mnyama alijua kuwa ni mkali?

Mzee mmoja wa Bute akaliuliza.

"Alijua," Mzee Abdiwahab alijibu kwa upole. "Ametueleza tangu chai ya kwanza."

Korane alikohoa. "Samaki ni wa nyumba hii," alisema. "Mimi hapa mgeni tu, kama ninyi."

Na hivyo mtu aliyekuja kuijaza nyumba isiyo na mwanamume akagundua ghafla kwamba nyumba ina mwenyewe.

Ilhan alishika upindo wa mtandio wa mama yake. Hamse alikuwa amemngoja amalize chuo, na si kila mtu hungoja. Jambo likiitiwa kikao cha wazee, posa ingelala. Na posa ikilala, mji ungeieleza asubuhi: nyumba ya Abdinoor inang'ata wageni. Arbia angeweza kusema kweli, kwamba aliyechagua mnyama ni Korane, aliyemwacha na njaa ni Korane, aliyemsifu ni Korane. Kila mtu angecheka, na Ilhan angeozwa na walii aliyechekwa. Jina ambalo lingechekwa lilikuwa pia la Abdinoor.

"Adeer Abdiwahab," alisema kupitia pazia, kwa sauti iliyowahi kunyamazisha bwalo zima, "naomba kusema."

"Sema, Mwalimu."

"Samaki ni wangu. Nilijua kuwa ni mkali."

Upande wa pili Korane alishusha pumzi, na kila mtu alimsikia.

"Sitaki wazee wasafiri tena kwa ajili yangu. Nimekubali kosa hapa hapa. Mnyama aliyekuumiza ni wako kuanzia sasa. Na tangi lake. Na mashine yake ya hewa. Na kifuniko."

Kulikuwa na minong'ono. Kisha hatua za mzee kuelekea kwenye kioo, taratibu, na safari hii kwa mbali.

"Anakula nini?"

"Maini, adeer. Kila siku."

"Kila siku? Na nundu?"

"Nundu usiitegemee. Atakaa peke yake, na asilambishwe chumvi."

Mtu alicheka, kidogo, kisha wengine, kisha Mzee Abdiwahab mwenyewe. "Angalau nimeridhika ni ngumu," alisema. Wakainua mikono wakasoma Fatiha, na Ilhan akaachia upindo wa mtandio.

Tangi liliondoka jioni nyuma ya pikapu, limeviringishiwa blanketi, na mwenye nundu mbele ndani ya ndoo, akiwa amelishwa mpaka akachoka. Kabla taa za gari hazijapotea, Arbia na Ilhan walikuwa wameshalirudisha kabati mahali pake. Zulia lina doa. Wamelifunika kwa meza ndogo.

Siku hizi Korane husimulia sokoni kwamba wazo la kumtoa samaki lilikuwa lake. Arbia amemwachia, kama alivyomwachia samaki. Korane ndiye aliyemwoza Ilhan, kwa kinywa chake, vizuri kabisa.

Ila Madino, jirani wa Arbia, hakuridhika. Alikuja na kisahani cha halua na uso wa mtu aliyepita tu.

"Mwalimu, wanasema ndoo ilifika Bute."

"Bute ni mbali."

"Wanasema ilifika, na mle ndani samaki alikuwa bado anapumua. Halafu wanasema, mimi sisemi, ni wao, kwamba wale wazee ambao hawajawahi kuonja samaki tangu wazaliwe, siku hiyo walikaa karibu na jiko."

Arbia alimmiminia chai, akasogeza sukari.

"Ilhan hajambo," alisema. "Mumewe hajambo. Kidole cha mzee kimepona."

"Na samaki?"

"Kunywa chai, Madino. Habari za samaki zimeishia getini kwangu, na sina la kuongeza."