Damari Alipoligeuzia Dirisha Mgongo

Wafugaji wa kuku wa Ulemo na Kinampanda walimwogopa Damari Kitundu kwa jambo moja tu: alijua kuondoka. Ukimtajia bei ya jogoo isiyompendeza, hagombani wala haguni. Anafunga khanga yake vizuri, anageuka, anatembea kama mtu aliyesahau kwamba mmewahi kuonana. Mwendo huo aliupima kwa miaka kumi na tisa. Hatua tano za kwanza ni za haraka, ili mwenye jogoo ashtuke. Zinazofuata ni za polepole, ili apate muda wa kujuta. Kufika ya kumi na nne lazima aitwe. "Mama Eliana, rudi basi tuongee." Jioni jogoo yumo kwenye tenga, anasafirishwa.

Ujuzi huohuo ndio uliomponza.

Alikuwa amesoma miaka miwili ya digrii ya biashara katika chuo cha mbali, kisha chuo kikaifuta kozi yenyewe na wanafunzi wakaambiwa watafute pa kuhamia. Tawi la chuo kikuu kimoja pale Singida mjini likakubali kumpokea. Damari hakuwa na shaka kwamba anaingia mwaka wa tatu. Binti yake Eliana, aliyekuwa anaingia mwaka wa pili huko Dodoma, alishaambiwa: "Nitavaa joho kabla yako." Na hakuishia kwa binti. Alilisema sokoni Misigiri, akalisema kwenye kwaya, na kwa mchungaji akalipeleka kama ombi la kuombewa, ili lisikike la kinyenyekevu.

Siku ya mwisho ya uhamisho alifika kwenye dirisha la usajili la tawi hilo saa nane mchana, bahasha ya kaki mkononi. Nyuma ya kioo alikaa kijana anayeitwa Sostenes, ambaye Damari angeweza kumzaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za kazi?"

"Salama. Mama, masomo yako ni kumi na nane. Tumepokea kumi na saba. Hili la Ujasiriamali una D, na D hatupokei."

Hiyo D ina historia yake. Mtihani uliuliza hatua saba za kufanya mapatano ya kibiashara, pamoja na maelezo ya kila moja. Damari aliliona swali limekuja kwa mwenyewe. Akaandika mbili: "Nyamaza. Halafu ondoka." Akakabidhi karatasi saa nzima kabla ya wenzake, akatoka nje akiwahurumia walivyokuwa wanajaza kurasa.

"Ila njia ipo," Sostenes akaendelea. "Imebaki nafasi moja ya kuingia mwaka wa tatu huku somo hilo unalirudia. Saini hapa, tumemaliza."

Mtu mwenye akili ya kawaida angesaini. Damari, kwa bahati mbaya, alikuwa na akili ya sokoni. Alichosikia ni kwamba bei imeshuka kabla hajafungua mdomo, na bei inayoshuka yenyewe bado ina safari.

"Mwanangu, mimi nauza kuku tangu hujaota meno. Leo ndio mnifundishe ujasiriamali?"

"Si mimi mama, ni kanuni."

"Basi pokeeni yote kumi na nane, nisaini sasa hivi."

"Haiwezekani mama."

"Kumi na saba na nusu."

Sostenes alimtazama kwa heshima yote. "Mama, somo halina nusu."

Damari akakunja karatasi zake, akazirudisha kwenye bahasha, akafunga khanga, akageuka.

Tano za haraka. Kisha za polepole. Ya kumi. Ya kumi na nne. Kimya. Akadhani labda chuo kikuu kinachelewa kujuta, kwa kuwa ni kikubwa, akaongeza nyingine sita. Akainama kufunga kamba ya kiatu, halafu akakumbuka kwamba amevaa ndala. Alipofika getini mlinzi alimuuliza, "Mama, umemaliza?"

"Bado. Wananiita."

Mlinzi akachungulia nyuma yake kwa muda mrefu. "Nani?"

Alirudi kwa mwendo ambao hakuna mfugaji wa Ulemo aliyewahi kuuona. Dirishani alimkuta Paschal, mwalimu kutoka Kinampanda aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akirudisha kalamu.

"Dada, asante sana kwa kunipisha," Paschal akasema, na alimaanisha.

"Ile nafasi amechukua mwalimu," Sostenes akamwambia Damari. "Kwako imebaki ya mwaka wa pili. Tunafunga saa tisa, na hii ni saa tisa kasoro tano. Unasaini, mama, au unaondoka?"

Alisaini bila kuisoma fomu. Yeye, ambaye jogoo mmoja humkagua mpaka chini ya kucha.

Eliana alipigiwa simu palepale, maana habari kama hii ni afadhali uitoe mwenyewe. Binti akapiga hesabu.

"Kwa hiyo mama, sasa tuko darasa moja?"

"Mwaka mmoja. Darasa si moja."

"Sawa mama. Ukitaka madesa ya kusomea, nitakutumia."

Wiki iliyofuata pale Misigiri, mnunuzi wa kutoka mjini aliichukia bei ya mitetea kumi. Akakunja uso, akageuka, akaanza kutembea: haraka kwanza, kisha polepole. Scola, anayeuza naye, akamgusa bega.

"Huyo anakwenda. Tusimwite?"

Damari alikuwa anamhesabia hatua. Jamaa alipofika ukingoni mwa barabara, akainama kushughulikia kiatu.

"Muache," Damari akasema. "Mimi mbona nilirudi."