Viti Vilivyotazamana

Mkutano wa kwanza katika ukumbi mkubwa wa hoteli mpya ya ziwani ulikaliwa kama posa. Wakulima wa mpunga kutoka bonde la Bugarama walikuwa upande mmoja, wanunuzi wao wa Kamembe upande wa pili, wanatazamana, na katikati yao zulia jekundu. Skrini ya projekta ilikuwa nyuma ya migongo ya wakulima. Aliyewaketisha hivyo ni mama yangu, na siku hiyo alikuwa kwenye majaribio ya kazi.

Nirudi nyuma kidogo. Mama ni mpambaji wa harusi hapa Kamembe. Anapamba za Waislamu wenzetu na za Wakatoliki vilevile, kwenye mahema, kwenye nyua za watu, mara nyingine kwenye madarasa ya shule yaliyoondolewa madawati. Tangu hoteli ilipoanza kujengwa tulikuwa tukiitazama kutoka barabara ya juu: kwanza kuta, kisha malori ya mchanga uliomwagwa ukingoni hadi ziwa Kivu likapata ufukwe ambao halikuwa nao, kisha vioo. Siku vioo vilipowekwa mama alisimama pale barabarani na mfuko wake wa vitambaa kichwani, akasema, "Mule ndani kuna kazi ya muntu."

Meneja alimwona kwenye harusi moja na akampigia. Angemjaribu kwa mkutano mmoja. Mambo yakienda vizuri, ukumbi ungekuwa wake: mikutano yote, harusi zote, mwaka mzima. Mama aliuliza apange vipi. Nilikuwa karibu na simu ilikuwa imewekwa kwa sauti, kwa hiyo jibu nililisikia mwenyewe: "Fanya vile unavyofanyaka kwa harusi, Maman. Punguza maua tu." Akaongeza kwamba wageni ni wauzaji na wanunuzi wa mchele.

Meneja alitaka tu usafi aliouona harusini na vitambaa vile vilivyonyooka bila mkunjo. Mama alielewa jambo kubwa zaidi. Pande mbili zinakuja kuzungumzia kitu ambacho upande mmoja unacho na mwingine unakitaka, na huku kwetu jambo la namna hiyo lina mpangilio wake. Siku ya gusaba, yaani ya kuposa, familia ya msichana hukaa huku na ya mvulana kule, uso kwa uso, zulia katikati, na zulia huelekea kwenye mlango atakaotokea bibi harusi.

Tuliingia asubuhi na mapema. Mama alisema Bismillahi mlangoni akavua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia avue. Nilikuwa sijawahi kuona chumba kikubwa hivyo. Ziwa lilijaa ukuta mzima wa kioo, na ng'ambo vilima vya Bukavu vilikuwa wazi hadi mabati yake. Viti vilikuwa na miguu ya rangi ya dhahabu, vizito, na tulivibeba viwili viwili huku tukicheka bila sababu. Mama alitandika zulia kutoka katikati ya ukumbi hadi mlango wa pembeni uliokuwa mzuri kuliko yote. Hatukujua kwamba ule ni mlango wa jikoni.

Wakulima walifika kwanza, wamevaa makoti, wameshika mikanda mkononi kwa sababu walinzi wa getini walikuwa wamewavulisha kwa ukaguzi. Hakuna aliyeuliza akae wapi. Waliangalia viti mara moja wakaenda upande wa wenyeji, ule wa familia ya msichana, wazee mbele. Wanunuzi walichelewa. Walipoingia, mzee mmoja wa Bugarama mwenye kofia ya sufu alisimama.

"Bakwe bamechelewa," alisema. "Kwetu muntu akichelewa kuomba mutoto, analipa."

Mnunuzi mmoja mnene, mwenye duka kubwa karibu na soko, alijibu akiwa bado amesimama. "Mzee, barabara ilikuwa mbaya."

"Barabara gani? Unatoka Kamembe, Papa. Shiye tumetoka Bugarama na tumefika na usingizi machoni."

Watu walicheka. Mnunuzi yule alihukumiwa Fanta kwa safu nzima ya mbele, na akakubali.

Meneja aliingia wakati huo. Alisimama, akahesabu kwa macho, akaja moja kwa moja kwa mama.

"Maman, hii ni mukutano. Haiko harusi."

"Papa, ni wewe ulisema nifanye sawa na harusi."

"Na skrini? Banaiona namna gani?"

Mama aliitazama skrini kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Uso wake ulibadilika, akaanza kuvua mtandio wa mabegani ili abebe viti upya. Meneja aliwaomba wageni wasimame kidogo, dakika kumi tu. Mzee wa kofia alikataa.

"Hapa tumeketi kwetu. Huyo wa kompyuta aje hapa katikati aseme."

Mtaalamu wa kukausha mpunga, aliyekuwa akisubiri kando ya kompyuta yake, alikuja kwenye zulia bila picha zake. Alianza kwa kusoma, wakamkatiza, akaacha karatasi. Nilikuwa nikiyaandika maneno yao kwenye daftari langu, na baada ya hapo sikuweza kuandika kwa kasi ya kutosha. Wanunuzi waliulizwa mbele ya wote kwa nini wanasema mchele wa Bugarama una mawe. Walijibu. Wakulima walidai mawe yanaingia mashineni, wakataja mashine ya nani, na mwenyewe alikuwa ameketi pale. Alisimama akasema chujio lake limechoka kweli. Mlango wa jikoni ukafunguka, mhudumu wa chai akatokea na sinia juu ya zulia jekundu, na ukumbi mzima ukampigia makofi na vigelegele.

"Huyu njo mutoto?" aliuliza mnunuzi mnene. "Amekomaa, lakini tutamuchukua."

Mhudumu, kijana mwenye ndevu, alisimama na sinia yake asijue aende upande gani. Mama alicheka hadi akashika ukuta.

Ndipo nilipomwona mwenye hoteli. Alikuwa amefika kutoka Kigali bila kutangaza, amesimama kwenye mlango mkubwa, na sikujua alikuwa pale kwa muda gani. Meneja alinyoosha tai yake. Mwenye hoteli aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani amewaketisha hivi?"

Meneja alimwangalia mama. Alikuwa na nafasi ya kusema ni yeye aliyeagiza, au ya kusema ni kosa la mama. Akainyoosha tai tena.

"Ni mimi," mama alijibu.

Mwenye hoteli alitoa simu, akapiga picha moja ya ukumbi, akatoka kwenda ufukweni akiongea na mtu. Tulimwona kupitia kioo, akitembea kwenye mchanga na viatu vyake vya ngozi, mkono mmoja ukionyesha hewani kitu fulani chenye pande mbili. Aliondoka bila kurudi ndani.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Ijumaa. Jumatatu ukumbi una wauguzi kutoka Mibirizi, na mafunzo yao yote yako kwenye skrini. Mama amepiga simu mara mbili. Meneja amesema anasubiri jibu la mkubwa wake. Vitambaa vimeshapigwa pasi, vimepangwa kitandani kwangu. Hakuna aliyemwambia aje, na hakuna aliyemwambia asije.